Mwalimu, Naomba Kuuliza

Mimi bwana nafundisha tuisheni. Si kazi ya kujisifia mbele ya wakwe, lakini inalipa kodi ya chumba. Kila siku saa kumi na moja jioni natundika ubao wangu uani kwa mama mmoja muuza barafu, huku Manzese, Dar es Salaam. Napanga mabenchi matatu, na wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili wanaingia mmoja mmoja na shilingi 500 zao mkononi. Hesabu siku tatu, fizikia siku mbili, Jumamosi tunasolvu pastipepa. Jumapili kila mtu na dini yake na usingizi wake.

Sasa sikilizeni kisa kilichonifanya nishike kalamu.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha namba hasi. Nimeandika ubaoni kwamba hasi mara hasi ni chanya. Watoto wananakili, chaki inaisha, mbu wameanza kazi yao. Binti mmoja wa kidato cha pili, mpole, wa kukaa benchi la nyuma, akanyoosha mkono.

"Ticha, naomba kuuliza. Kwa nini hasi mara hasi iwe chanya? Yaani deni mara deni linageukaje kuwa mali?"

Ndugu msomaji, nilikuwa nimechoka, nina njaa, na kusema ule ukweli wa Mungu, sikuwa na jibu. Miaka yote niliyopiga msuli hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini. Niliambiwa ndiyo kanuni, nikakariri, nikapata A yangu, nikaendelea na maisha. Basi nikafanya kile afanyacho mtu asiye na jibu lakini mwenye chaki mkononi. Nikasema, "Hiyo sasa ni hesabu ya kwenu. Hapa tunafuata ya Baraza la Mitihani."

Ua mzima ukaangua kicheko. Hata mama wa barafu, ambaye hajui tulikuwa tunaongea nini, alicheka. Yule binti naye akatabasamu kidogo, akaandika alichokuwa anaandika, akafunga daftari. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Mtondo, kimya.

Wiki ile ile, nikitafuta maswali ya joto ya kuwapa watoto, nikakutana na jina ambalo nilikuwa nimelisikia juu juu tu tangu sekondari: Mpemba. Siyo mtu wa kutoka Pemba, bali Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kitanzania ambaye jina lake limeingia katika fizikia ya dunia. Nikaifuatilia habari yake mpaka mwisho. Nilipofika mahali fulani ilibidi niache kusoma, nikatoka nje kupunga upepo. Nitawaeleza ni kwa nini.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, Lushoto. Pale wanafunzi walikuwa na mtindo wa kujitengenezea aiskrimu. Unanunua maziwa, unayachemsha, unachanganya na sukari, unasubiri yapoe, halafu unayaweka kwenye friji. Kupoza kwanza ilikuwa sheria, maana kila mtu aliamini kitu cha moto kinaharibu friji. Tatizo ni moja: wanafunzi wengi, nafasi chache. Siku hiyo Mpemba anachemsha maziwa yake, mwenzake akamwona, akakimbilia friji na maziwa mabichi yaliyotiwa sukari bila hata kuchemshwa, ili awahi nafasi. Mpemba akaona akisubiri yake yapoe atakosa chombo cha mwisho. Akajilipua, akayaingiza yakiwa moto vile vile.

Baada ya saa moja na nusu wakarudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameshakuwa aiskrimu. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia, inakuwaje? Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Yakaisha. Baadaye, akiwa likizo, akakutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini. Yule bwana, ambaye biashara ndiyo ilikuwa maabara yake, akamwambia wao siku zote wanaingiza ya moto, yanaganda upesi.

Mpemba akafaulu, akaenda Mkwawa, Iringa, kwa kidato cha tano. Siku walipofundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, swali likarudi. Akanyoosha mkono. Mwalimu akalisikiliza, akabishana naye kidogo, na mwisho akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimzomea: hiyo ni hesabu ya Mpemba!

Hapo ndipo nilipotoka nje. Maneno yaliyosemwa Iringa zaidi ya nusu karne iliyopita ndiyo niliyoyasema mimi uani kwa mama wa barafu, na wala sikuwa nimemwiga mtu. Nilijiuliza, ni kitu gani kinachotufanya tulioshika chaki tuseme maneno yale yale?

Lakini tumalizie kwanza kisa. Mpemba hakunyamaza. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi na hakuna mwalimu, akaweka vikombe viwili kwenye friji, kimoja cha maji ya bomba na kimoja cha maji ya moto. Alipochungulia baada ya saa moja, kile kilichoanza moto kilikuwa na barafu nyingi zaidi. Kisha akaja mgeni shuleni, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Baada ya mhadhara, wanafunzi wakaruhusiwa kuuliza. Mpemba akauliza lile lile: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kile kile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakaona kawaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne hakucheka. Alimuuliza kama kweli amejaribu mwenyewe. Aliposikia ndiyo, akasema hajui, lakini akirudi Dar es Salaam atajaribu. Na akajaribu kweli. Fundi wake wa maabara akamletea taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia kipimo mpaka wapate jibu sahihi! Hata fundi aliyeona kwa macho yake alidhani macho ndiyo yamekosea, kitabu hakiwezi kukosea. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika pamoja makala katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Tangu hapo wanafizikia duniani wanaliita jambo hilo kwa jina la yule kijana.

Sasa tusikimbilie kumtwisha lawama yule mwalimu wa Mkwawa, hasa mimi nisiyekuwa na haki hiyo. Hebu tutazame shule aliyokuwamo. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba wakati wa Uhuru nchi nzima ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Waliofika sekondari walikuwa wachache wa wachache. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka ule wa 1963 ulikuwa wa Cambridge, Uingereza. Baraza letu la Mitihani lilianzishwa mwaka 1973. Fizikia ilikuwa kitu kinachokuja kwa meli, kimefungwa, kina muhuri. Kazi ya mwalimu ilikuwa kukifikisha salama bila kukifungua. Mwanafunzi akiuliza jambo lisilokuwamo kitabuni, mwalimu naye anabaki uchi. Kumcheka muulizaji ni namna ya kuvuta shuka.

Machi 1967 Nyerere akatoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi wanakumbuka majembe na mashamba ya shule tu. Lakini ndani yake alitaka pia shule ijenge kijana mwenye akili ya kudadisi. Mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia shule yote ya msingi. Kabla ya hapo, mtoto aliyevuka darasa la nne alianza kufundishwa kwa Kiingereza. Sasa akasoma hesabu na sayansi kwa lugha anayogombania nayo mpira, tangu la kwanza mpaka la saba. Lilikuwa jambo la haki kabisa. Ila daraja lilijengwa nusu. Sekondari ikabaki Kiingereza, na imebaki hivyo hadi leo.

Wewe uliyesoma shule ya serikali unaijua ile Januari. Miaka saba umejua pembetatu, kipenyo, kipeo cha pili. Unaingia kidato cha kwanza, pembetatu ile ile imebadilishwa jina kama mtu aliyekimbia deni. Huulizi, na si kwamba umeelewa. Huna maneno ya kuulizia. Na ukijikakamua kuuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza, utachekwa mara mbili, kwa swali na kwa Kiingereza.

Wakubwa waliliona hilo. Mwaka 1980 Nyerere aliunda tume ya elimu chini ya Jackson Makweta. Taarifa yake ya 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Mlimani ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yakawa tayari, lakini shule hazikuwa tayari kuyapokea.

Katikati ya hayo kulikuwa na Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Watoto wakamiminika, na walimu wakatafutwa kwa pupa. Wengine walimaliza la saba, wakapewa mafunzo kazini, wakakabidhiwa darasa. UPE kwa Kiingereza ni kifupi cha elimu ya msingi kwa wote, lakini mitaani watu wakakitafsiri kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Utani mkali, na haukuwa wa haki kwa wengi waliofanya kazi kwa moyo. Kisha vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta kupanda bei, maduka matupu, na mishahara iliyoyeyuka kama barafu ya mama yangu huyu saa saba mchana. Mwalimu wa miaka ya themanini ilibidi awe na mradi: maandazi, kuku, au tuisheni.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa historia ya kazi yangu. Tuisheni ilizaliwa na njaa ya mwalimu, hilo halifichiki. Lakini mjomba wangu, aliyemaliza kidato cha nne mwaka 1996, anasema njaa ya mwalimu ni nusu tu ya habari. Yeye alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Magomeni hadi Kariakoo, chumba kimoja watu hamsini, wengine wamesimama dirishani, na mgawo wa umeme ukianza wanawasha mshumaa. Nikamuuliza, mjomba, shuleni kwenu hakukuwa na walimu? Akasema walikuwapo. "Ila kule Kariakoo yule jamaa wa Mlimani alikuwa anatuambia kwa Kiswahili. Anachora, anaongea kama kondakta wa daladala, na ukimkatiza hakasiriki. Shuleni niliandika fizikia miaka mitatu. Kule ndiko nilikoiuliza."

Hayo maneno ya mjomba nimeyabeba. Tunadhani watoto wanakuja tuisheni kununua majibu. Wengine ndiyo, sikatai, wapo wanaotaka tu kazi ya nyumbani ifanywe waende wakacheze. Lakini wengi wanakuja kutafuta mahali pa kuuliza. Swali lililozuiliwa kwenye geti la shule linazunguka nyuma, linapita uchochoroni, linaingia uani, na linaingia kwa Kiswahili.

Ubaya wake ni kwamba uani kuna kiingilio. Asiye na 500 anabaki na swali lake nyumbani. Na tangu nijue hivyo naona aibu zaidi, kwa sababu yule binti alikuwa amelipa.

Kwa kizazi chetu mambo yalikuwa hayo hayo kwa sura nyingine. Baada ya 2006 shule za kata zikajengwa kwa wingi ajabu, karibu kila kata na sekondari yake. Milango ikafunguka kwa watoto ambao baba zao wasingeota sekondari, na mimi ni mmoja wao. Walimu wakatafutwa tena kwa pupa, vijana waliotoka kidato cha sita na mafunzo ya wiki chache, mitaani wakabatizwa Voda fasta. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalikuwa msiba: zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata sifuri, ambao ni kama sita katika kila kumi. Serikali ikaunda tume, na Mei mwaka huo matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Watu wakalaumu walimu, wakalaumu simu, wakalaumu muziki. Mimi nawakumbuka kaka zetu wale. Hawakuwa vilaza. Walikaa miaka minne darasani wakinakili kwa utulivu mkubwa.

Siku hizi mtoto anapiga picha swali, anarusha kwenye kundi la simu, anajibiwa na mtu asiyemjua. Na sasa zipo programu za kompyuta zinazosolvu kabla hujameza mate. Nasikia walimu wenzangu wanazilaani. Mimi nasema jambo moja tu: mashine haimcheki anayeuliza. Hapo imeshatushinda wengi. Tukitaka watoto warudi kwetu, tuanzie hapo.

Basi, nikarudi kwa yule binti. Sikwenda mikono mitupu. Siku nne nilikuwa nahangaika na swali lake, nikauliza kwa vipanga niliosoma nao, nikachana karatasi. Nikaja kulipata dukani kwa Mangi, nikitazama daftari lake la madeni.

Mama yake alikuwa anakaanga chapati barazani. Nikamwamkia, nikaeleza kilichonileta, nikakubali kosa langu mbele yake. Akaguna, akamwita mwanawe. Binti akaja, akasema shikamoo ticha, macho chini. Nikachuchumaa, nikachora kwa kijiti mchangani.

Nikamwambia, chukulia kila siku mnakopa kwa Mangi shilingi 500. Kila siku, hasi 500. Siku tatu zijazo mtakuwaje? Akasema, hasi 1,500. Nikasema, sasa rudi nyuma. Siku tatu zilizopita ni hasi tatu. Siku hiyo hali yenu ilikuwaje ukilinganisha na leo? Akanyamaza. Mama akaacha kugeuza chapati. Kisha binti akasema taratibu, "Tulikuwa na afadhali ya 1,500. Kwa sababu hayo madeni yalikuwa bado." Nikamwambia hasi tatu mara hasi 500, chanya 1,500. Deni halikugeuka mali. Umelirudisha nyuma kabla halijaingia.

Akaangalia mchanga muda mrefu. "Mbona siku ile hukusema hivi?"

"Siku ile nilikuwa sijui."

Sikumbuki kama niliwahi kulitamka neno hilo mbele ya mwanafunzi. Haliuwi. Osborne alilisema mbele ya shule nzima ya Mkwawa na jina lake halikupungua.

Jumatatu alirudi, akakaa nyuma pale pale. Nikawasimulia wote habari ya Mpemba, na kabla sijamaliza wakataka tujaribu. Mama wa barafu akaja juu, friji lake ni la biashara, si maabara, lakini akatupa kona moja. Vikombe viwili, maji sawasawa. Mara ya kwanza cha baridi kilitangulia. Mara ya pili umeme ukakatika. Mara ya tatu cha moto kikatangulia, lakini kilikuwa kimekaa upande wa ndani, penye baridi zaidi, na aliyeligundua hilo ni yule yule binti.

Tusijione wajinga. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilishindanisha watu kueleza jambo hili, yakapokewa majibu kama 22,000. Mwaka 2016 Burridge na Linden, wanasayansi wa huko huko, wakapima tena kwa uangalifu, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha, na kwamba hata mahali unapoweka kipimajoto kunaweza kukudanganya. Wengine wanawapinga. Swali la mtoto wa kidato cha tatu, Lushoto, bado halijafungwa.

Sasa uani kwetu kuna sheria mpya. Anayeuliza hachekwi, na robo saa ya mwisho ni ya maswali, hata kwa asiye na 500. Anasimama pale kwenye kibaraza, anauliza, anajibiwa, anakwenda zake. Baadhi ya waliolipa wamenung'unika, na pato langu limepungua kidogo. Sijui nitaweza mpaka lini, maana mwenye nyumba wangu hapokei maswali, anapokea kodi.

Na wewe unayesoma hapa, najua unalo lako. Kuna siku uliinua mkono ukaushusha. Niandikie kupitia kwa mhariri, uniambie lilikuwa swali gani. Sikuahidi jibu. Nakuahidi tutalisoma uani kwa sauti, na hakuna atakayecheka.